Barua za Dirishani

Katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, Cassius anaghushi barua kwa miandiko mbalimbali, kana kwamba zimetoka kwa raia wengi wa Roma. Barua hizo zinatupwa dirishani mwa Brutus. Brutus ni mwadilifu, lakini haulizi zimeandikwa na nani. Penye maneno yaliyokatizwa anayajaza mwenyewe, kisha anaiapia Roma. Caesar anauawa.

Mahakamani, waraka usiojulikana mwandishi wake hauaminiwi. Iweje basi umwage damu? Yeyote adaiye kusema kwa niaba ya wananchi, na atuonyeshe wananchi hao. Uadilifu usiouliza maswali ni mpini wa kisu cha mlaghai.