Sitaki Tena Kuugua Malaria Siku ya Idi

Ukifika Lubumbashi mara ya kwanza utaulizwa mapema: "Unasali wapi?" Katika idara yetu ya Lugha za Kiafrika tungeweza kujaza kurasa juu ya swali hilo, maana haliulizi mahali. Ukijibu "mjini" bado hujajibu. Linataka jina la kanisa. Mimi nilijibu "msikitini", na mwenzangu wa chumba, mtoto wa Likasi aliyekulia kwa Wamethodisti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nakula samaki. Ninakula. Tumeishi vizuri mpaka leo.

Natoka Kasongo, Maniema. Kwetu hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba leo ni Idi. Asubuhi unasikia takbira, watoto wamevaa nguo mpya, watu wanakwenda kusali, na jirani Mkatoliki anajua kwamba sahani yake ya wali itafika. Kutoka Lubumbashi hadi kule kuna reli ya Kamina, Kabalo na Kongolo, halafu barabara; si safari ya mtu anayetakiwa darasani kesho. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza Idi zangu nimezifanyia hapa. Upweke wake nimeuzoea. Wali naupika kwenye jiko la umeme, na umeme ukikatika tunakula bukari kama siku nyingine. Mama anapiga simu: "Baba, umesali? Umekula nini?" La kwanza namjibu kwa ukweli, la pili naongeza nyama.

Kinachonisumbua ni kitu kingine, na kinaanza na aibu yangu mwenyewe.

Jumatano tarehe 10 Aprili 2024 ilikuwa Idi ya kumaliza mfungo wa Ramadhani. Siku hiyohiyo, saa mbili asubuhi, tulikuwa na entero. Nilikwenda kusali. Siku mbili baadaye nilipeleka cheti cha malaria, kilichonigharimu franka elfu tano kwa muuguzi mmoja ambaye hakunigusa hata paji la uso. Nikapangiwa entero nyingine bila swali lolote, nikapata 12 kwa 20. Mwezi mzima nilikuwa nimejizuia chakula, maji na maneno mabaya, na uongo wangu wa kwanza baada ya mfungo ulikuwa juu ya Idi yenyewe.

Mwaka uliofuata nikaamua kusema kweli. Idi ya kuchinja ni rahisi zaidi kwa jambo hili, kwa sababu huangukia siku ya kumi ya mwezi wa Dhulhija. Mwezi ukishaandama, mtu ana zaidi ya wiki nzima ya kujipanga. Ilipojulikana kwamba itakuwa Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, na kwamba asubuhi hiyo tuna jaribio jingine, nilimwendea asistanti wa somo siku nane kabla. Alinisikiliza kwa upole, siwezi kumsema vibaya. Kisha akasema: "Ndugu, ungekuwa mgonjwa ningekusaidia. Hii ni hiari yako." Nikaenda kusali, nikapata sifuri.

Wasomaji wenzangu, fanyeni hesabu wenyewe: uongo 12, ukweli 0.

Jibu nalijua: nchi yetu haina dini ya serikali. Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 1, na mimi niko upande wake. Lakini kifungu cha 22 cha Katiba hiyohiyo kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na tarehe 25 Desemba hakuna anayeniomba mimi wala mwenzangu wa chumba cheti cha daktari. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimeiweka Idi katika orodha ya sikukuu za taifa. Sisi hatumo, na wapo wenzangu msikitini wanaotaka tudai hilo. Mimi sidai. Januari yetu peke yake ina siku nne za mapumziko, na tangu 2023 imeongezwa tarehe 6 Aprili, siku ya Simon Kimbangu. Kukifunga chuo kizima ili mimi nisali kwa saa moja ni kutumia panga kukata uzi.

Ninachotaka ni karatasi moja. Mwanzoni mwa mwaka, kila mwanafunzi anayehitaji aandike tarehe zake, zisizozidi tano, ampe sepe wa darasa, naye azipeleke idarani. Jaribio likiangukia mojawapo, mwanafunzi huyo afanye pamoja na wale waliougua kweli. Asiombe kama fadhila, asinunue ugonjwa.

Wengine hucheka kwamba Waislamu wenyewe hatujui Idi ni lini. Ni kweli: mwaka 2025 Saudi Arabia ilisali Jumapili tarehe 30 Machi, Tanzania na Kenya zikasali Jumatatu tarehe 31. Lakini tofauti ilikuwa ya siku moja, na siku hizo mbili mtu angeweza kuziandika mwaka mzima kabla. Ndiyo maana nimesema tano.

Nawalaumu na Waislamu wenzangu wa chuoni. Tunanunua vyeti kimyakimya, halafu tunanung'unika kwamba hakuna anayejua tupo.

Na kwa kuwa hiki ni kitivo cha lugha, nina neno la ziada. Kingwana, ambacho tunakisoma hapa kwa bidii, kinabeba jina la waungwana, watu wa Maniema waliofuata dini na desturi za watu wa pwani wakati wa misafara ya karne ya 19. Historia hiyo si safi: kila nikitaja Kasongo kuna atakayenitajia Tippu Tip na minyororo, na ana haki ya kunitajia. Lakini kutoka Kiarabu tulipata pia kalamu, daftari, elimu, wakati, na hata mtihani, ingawa nje ya jarida hili wote tunasema egzame. Tumefundishwa jinsi neno hilo lilivyoingia katika ngeli ya mti na miti, likapata wingi wake, mitihani, kama lililozaliwa hapa. Lilipokelewa bila cheti.

Barua kwa Mkuu wa Kitivo nimeshaianza, na sepe wetu ameahidi kuipeleka. Asistanti aliniambia pia kwamba mlango ukifunguliwa kwa mmoja wote wataingia, nami nadhani waingie. Rafiki yangu Mwadventista, ambaye amewahi kukosa majaribio ya Jumamosi mara nyingi kuliko mimi, anataka kutia sahihi. Shida ni kwamba Idi zangu ni mbili kwa mwaka, na Jumamosi zake ni 52. Tano zangu hazimfai kitu. Jana tulikaa mpaka umeme ukakatika, tukitafuta sentensi itakayotutosha sote wawili. Hatujaipata bado.