Ganda Tupu la Kirusi

Jamani wasomaji wangu, wiki hii mambo ya wapenzi tuyaweke kando kidogo. Tuongee habari ya sindano.

Eti ile chanjo ya mabinti inafunga kizazi! Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia saluni, na juzi nikayakuta uani kwetu. Dada mmoja mpangaji mwenzetu kaapa kwamba bintiye wa miaka 12 siku ya chanjo haendi shule, ng'o! Nikamuuliza, dada, kwani unajua kilichomo? Akanijibu, "Wadudu wa ugonjwa wenyewe, mdogo wangu. Wanawapandikizia watoto wetu."

Basi sikilizeni. Mle ndani mdudu hamna. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kina ganda lake la nje. Wataalamu wanatengeneza ganda tu, bila vinasaba vya ndani. Ni shati lisilo na mtu. Chanjo mojawapo, Gardasil, inatumia hamira, ndiyo, ndugu yake huyu wa maandazi! Hamira inatoa protini iitwayo L1, na vipande 360 vya protini hiyo vinashikana vyenyewe, vinakuwa kijimpira cha nanomita 55 hivi. Vipange kwa mstari, zaidi ya elfu moja vinaenea kwenye upana wa unywele mmoja.

Kinga ya mwili ikikiona inadhani adui kaingia, inaandaa silaha. Kirusi chenyewe kikija kinakuta watu wako macho. Lakini kijimpira hakizaliani, hakimpi mtu ugonjwa, na kizazi hakikigusi. Kinachoweza kumfanya mama atolewe kizazi ni saratani yenyewe, ambayo hapa Tanzania ndiyo inayoongoza kwa wanawake.

Ganda hili walilibuni Ian Frazer na Jian Zhou mwaka 1991, kule Brisbane, Australia. Zhou akafariki 1999, na chanjo ikaja kuidhinishwa 2006. Inauma, nyie!

Na inafanya kazi kweli. Uswidi mwaka 2020 walitoa hesabu: waliochanjwa kabla ya miaka 17, saratani hiyo ilipungua kwa asilimia 88.

Hapa Bongo ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengine wananuna, eti mbona wadogo hivyo, mnawafundisha umalaya? Hapana bwana. Chanjo inazuia, haitibu. Ukimchanja kirusi kikiwa kimeshaingia, umechelewa. Sista du uliyepitwa na umri, nenda kapimwe mlango wa kizazi, hata yule aliyechanjwa naye akikua akapimwe.

Na nyinyi masela mnaocheka huko kijiweni: Australia wavulana nao wanachanjwa tangu 2013. Kirusi hiki kinapita kwetu sisi kwenda kwao.