Dada, hapa starehe ni zipi?

Nilikaa mapokezi ya nyumba ya wageni mjini Tarime kwa miaka minne. Niliulizwa mengi pale kaunta: nenosiri la intaneti, maji ya moto, basi la kwanza la Mwanza linaondoka saa ngapi. Lakini lipo swali moja ambalo hata leo nikilisikia mahali naacha ninachofanya na kumtazama anayeuliza. "Bhoke, hapa starehe ni zipi?"

Mimi siitwi Bhoke. Kwa mgeni kutoka Dar es Salaam kila mwanamke wa Tarime ni Bhoke na kila mwanamume ni Chacha, na hilo nilishalisamehe zamani. Nisilolisamehe ni namna swali lilivyoulizwa. Awe mkaguzi wa hesabu, fundi wa mitambo mwenye kandarasi ya wiki mbili mgodini Nyamongo, ofisa wa benki au mfanyabiashara anayesubiri mzigo wake uvuke Sirari, mtindo ulikuwa mmoja. Anaoga, anashuka saa moja jioni na kandambili zake, anaegemea kaunta, anauliza. Kisha ananyamaza kidogo huku akinitazama. Kile kimya ndicho kilichokuwa swali lenyewe.

Jibu nilifundishwa na bosi wiki ya kwanza: baa iko nyuma, nyama choma iko tayari, mpira wa Uingereza unaonyeshwa kwenye skrini kubwa, "na ukihitaji kitu kingine zungumza na mlinzi." Nililisema jibu hilo usiku baada ya usiku. Mlinzi alikuwa na namba za simu. Mabinti walioitwa kwa namba hizo walipita mbele yangu wakiwa wameinamisha vichwa, na mmoja wao alikuwa amesoma darasa moja na mdogo wangu. Huku kwetu kuna nyumba salama, Masanga upande wa Tarime na nyingine Mugumu, zinazowapokea mabinti wanaokimbia kukeketwa, hasa Desemba inapokaribia. Nawashukuru wanaoziendesha. Lakini si kila binti anayekimbia nyumbani anafika huko. Wapo wanaoishia stendi, na kutoka stendi hadi baa ni hatua chache.

Sina ugomvi na bia. Baba yangu aliinywa na akatusomesha. Ugomvi wangu ni na ule uongo unaosemwa na wenye nyumba za wageni, ukarudiwa na wageni, na siku hizi hata sisi wenyeji tunausema bila aibu: kwamba Tarime na Mugumu hakuna cha kufanya jioni, basi mgeni afanyeje. Uongo huo una faida kwa mtu. Mgeni akiamini hakuna cha kufanya, anabaki ndani ya geti, na anayebaki ndani ya geti anatumia pesa ndani ya geti.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mama mmoja, mhasibu, kwa kazi ya siku tano. Yeye aliuliza tofauti. "Mdogo wangu, nataka kukimbia asubuhi. Njia gani ni nzuri?" Nilishindwa kujibu. Nimezaliwa Tarime, nimepanda milima yake nikiwa na ndoo kichwani, na sikuwa na njia moja ya kumtajia. Nikamuuliza bosi, akaniambia nimwambie ni hatari. Sikumwambia. Nilimwita mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu, akamwongoza saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, wakapandisha njia za mashamba ya kahawa, wakarudi miguu yote tope. Yule mama alikunywa chai vikombe vitatu akiwa amesimama. Asubuhi zote zilizobaki alitoka. Kijana alipata ada ya mtihani, na siku ya mwisho walikuwa wanne, maana wageni wengine wawili waliomwona akirudi waliomba kwenda naye.

Na hapa ni Mara, jamani. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, ni mtoto wa Majita, mkoa huuhuu. Mkoa uliomzaa mtu kama huyo unashindwaje kumwonyesha mgeni njia ya kukimbia?

Upande wa Serengeti ndiko ninakochoka kabisa. Kwa mtalii wa ng'ambo, wilaya ile inajua vizuri sana starehe ni nini: gari la kufunguka paa, puto la kupaa alfajiri, bwawa la kuogelea linalotazama nyumbu. Sasa chukua Mtanzania aliyeletwa Mugumu kwa semina ya siku nne. Geti la Ikoma liko karibu kiasi kwamba akiondoka na alfajiri atakuwa mbugani jua halijawa kali. Kiingilio cha mtu mzima Mtanzania hakifiki nusu ya bei ya kreti la bia. Kinachouma ni gari, na gari hugawanywa. Watu sita wa semina moja wakichanga posho ya usiku mmoja tu, safari imeiva. Lakini hakuna anayewaambia. Wanamaliza siku nne, wanapanda basi, wanafika kwao na kusema wamefika Serengeti. Tembo wamemwona kwenye kanga.

Nikisema haya naambiwa Tarime ina sifa yake. Ni kweli, Tarime na Rorya zimefanywa mkoa wa kipolisi peke yake, na hazikufanywa hivyo kwa sababu ya upole wetu. Koo zimepigana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi, na nimezika watu. Lakini kwa miaka minne kaunta sikupokea mgeni hata mmoja aliyepigwa kwa sababu alitembea asubuhi. Waliorudi wameibiwa simu na pochi waliibiwa usiku wa manane, vyumbani mwao, na kila mtu pale alijua mlango ulifunguliwaje.

Naambiwa pia kwamba mteja ndiye anayetaka. Mteja anataka anachoonyeshwa. Umewahi kumwonyesha mzee anayepiga ritungu, nyuzi nane, na vijana wanaokanyaga ardhi kwa viatu vizito vya mbao mpaka unahisi mtetemo kwenye kifua? Sisi ritungu tunamwita akija waziri. Mgeni aliyelipa vyumba wiki mbili hajui kama lipo. Umemwambia kwamba Jumapili anaweza kuvuka daraja la Kirumi, akafika Butiama kwenye makumbusho ya Mwalimu, na kurudi kabla ya giza? Mwalimu mwenyewe alipenda kucheza bao. Bao! Mbao moja na kete, gharama yake haifiki kiti kimoja cha plastiki, na sijaona nyumba ya wageni hata moja Tarime iliyoliweka barazani.

Nyuma ya nyumba tuliyofanyia kazi palikuwa na kiwanja. Magoli ya miti, nyasi sehemu chache. Saa kumi na moja jioni vijana walikuwa wanajaa, na mara kadhaa niliona wageni wamevua mashati ya ofisi wakaingia kucheza. Fundi mmoja mnene kutoka Tanga alikuwa golikipa wao kwa wiki nzima na wakamlilia alipoondoka. Usiku alilala mapema, hakumtafuta mlinzi. Kiwanja kile sasa kina mawe ya mipaka. Kimekatwa vipande, na kwenye kipande cha mbele imejengwa nyumba nyingine ya wageni, yenye baa.

Kabla sijaacha kazi niliandika karatasi nikaiweka chini ya kioo cha kaunta: njia ya kukimbia na namba ya kijana wa kuongoza, saa za mpira, dereva mwaminifu wa kwenda Ikoma, mama anayepika kichuri, mzee wa ritungu. Ilikaa siku mbili. Bosi aliitoa akasema inachafua kaunta.

Mwaka jana nilipita Tarime kwa kazi ya mwajiri wangu mpya, nikalala palepale, nikiwa mgeni sasa. Kaunta alikuwa binti wa miaka kama ishirini. Jioni nikashuka, nikamuuliza, kwa upole na bila kunyamaza baadaye: "Mdogo wangu, hapa starehe ni zipi?" Aliniambia baa iko nyuma. Kisha, kabla hajamaliza sentensi, akamtazama mlinzi.