Neno Analolitafuta Mnunuzi

Juma hili twasema na wenye duka, karakana au ghala dogo la mpunga ambao wamekwisha kufungua tovuti yao katika intaneti, au wanafikiri kuifungua. Mara nyingi kijana wa nyumbani, aliyesoma Kindu au Bukavu, ndiye aliyewatengenezea. Ukurasa una picha nzuri na nambari ya simu, na juu yake yameandikwa maneno ya heshima: “Bidhaa bora za kilimo. Huduma ya kisasa. Uaminifu na maendeleo.” Miezi yapita, wala hakuna apigaye simu. Mzee ailaumu mashine, kijana aulaumu mtandao, na mchele ungali ghalani ukiwangoja panya.

Kosa haliko katika mashine. Mtambo wa kutafutia, kama ule wa Google, huzisoma kurasa mapema na kuweka orodha ya maneno yaliyomo. Mtu aandikapo haja yake, mtambo huilinganisha na orodha hiyo, kisha humletea kurasa zinazoelekea kumjibu. Basi, ni nani mwenye haja ya mchele ambaye ataandika “bidhaa bora za kilimo”? Ataandika “bei ya mchele Kasongo”, au kwa Kifaransa “riz Kasongo”. Kama maneno hayo hayamo katika ukurasa wako, itakuwaje akufikie? Ni kweli kwamba siku hizi mitambo hii imejifunza kutambua maneno yenye maana iliyo karibu. Lakini kwa Kiswahili chetu cha Maniema tusiitumaini mno.

Jambo hili si geni hata kwa wataalamu. Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alitaka kujua Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha nini juu ya uwepo. Akaanza kama ambavyo angeanza kila mwanafunzi: akalitafuta katika faharasa neno la Kilatini “praesentia”. Lakini akaona kwamba neno hilo lilikuwa kandokando tu, na kwamba mafundisho yenyewe yalikuwa yameshikamana na neno dogo “in”, yaani “katika”, ambalo hakuna aliyejali kuliorodhesha. Akaandika kwa mkono wake kadi 10,000. Mwaka 1949 akamwendea Thomas Watson, mkuu wa IBM, huko New York, kumwomba msaada wa mashine. Na kazi iliyotoka hapo, Index Thomisticus, ikafika mabuku 56. Wengi humhesabu kuwa mmoja wa mababa wa kazi hii ya kutafuta maneno kwa mashine. Nasi twaweza kuanzia pale alipoanzia yeye: neno tunalolidhania si lazima liwe neno linalotumika.

Tazameni majani ya mhogo. Hapa kwetu ni sombe. Mtanzania ayaita kisamvu. Mtu wa Kinshasa asema pondu. Na mwenye ofisi aandika “feuilles de manioc”. Chakula ni kimoja, milango ni minne. Tena kuna mpunga na mchele. Mwenye mashine ya kukoboa atafuta mpunga, mama wa jikoni atafuta mchele, na mwenye kuuza vyote viwili afadhali awe na kurasa mbili, kila moja na jina lake. Vivyo hivyo mawese na “huile de palme”: anayenunua pipa kwa ajili ya shirika ataandika Kifaransa, na muuzaji wa sokoni Kindu ataandika kama anavyosema. Lugha zote mbili na ziwemo, mradi ziandikwe katika sentensi zenye maana.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Ukiandika “Kasongo” peke yake, unashindana na wimbo wa Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa Kongo waliofanya makao Nairobi, wimbo ambao vijana wa Kenya waliufufua tena mwaka 2024. Unashindana pia na mji wa Kasongo-Lunda ulioko Kwango, na watu wasiohesabika walioitwa Kasongo na wazazi wao. Ukiandika “Maniema” tu, utakutana na timu ya mpira, Maniema Union ya Kindu. (Sina neno juu ya timu hiyo, lakini haiuzi mchele.) Tena ndugu zetu wa Ujiji na Kigoma huandika “Manyema”. Kwa hiyo unganisha: kitu, mji, na jimbo. “Mchele wa Kasongo, Maniema, kwa gunia” hutafutwa na watu wachache kuliko “mchele”, lakini wachache hao ndio wenye fedha mkononi.

Labda utauliza: maneno ya wanunuzi nitayapataje? Weka daftari dukani. Kwa majuma mawili, mteja afikapo, mwanao anayejua kuandika aandike maneno yake ya kwanza kama alivyoyatamka, kabla hujamjibu wala kumsahihisha. Hasa usimsahihishe. Kisha fungua simu, anza kuandika maneno hayo katika Google, uone mtambo wenyewe unapendekeza kuyamaliza vipi. Kiko pia chombo cha bure kiitwacho Google Trends, ila kwa mji mdogo mara nyingi hukosa hesabu za kutosha. Daftari litakufaa zaidi.

Maneno ukishayachagua, yaweke katika kichwa cha ukurasa, katika sentensi za mwanzo, na chini ya picha. Wako mafundi wanaoyaficha katika sehemu isiyoonekana iitwayo “keywords”. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitumii sehemu hiyo katika kuzipanga kurasa. Wengine hurudia neno moja mara hamsini, na hilo mtambo huliona kuwa hila, ukaushusha ukurasa.

Ubaya mkubwa zaidi ni kuandika usichokuwa nacho. Mtu wa Kabambare akisoma kwamba unauza saruji, huenda akasukuma baiskeli yake njia nzima kwa ajili ya neno lako. Akikuta huna, umemwibia nguvu zake na siku zake, hata kama hukugusa franka yake. “Bei nafuu” nayo ni neno ambalo wengi hulitafuta. Liandike kama bei yako ni nafuu kweli, na iweke bei yenyewe ionekane.

Basi yule kijana na aufute ule mstari wa “bidhaa bora za kilimo”, aandike: “Mchele wa Kasongo kwa gunia. Riz de Kasongo, Maniema.” Chini yake aandike bei ya juma hili, uzito wa gunia, na siku za kupakia. Baada ya majuma machache, Google ikiisha kuusoma ukurasa upya, aujaribu kwa simu ya jirani, kwa maana simu yake mwenyewe imekwisha kuzizoea kurasa zake na itampendeza bure.