Wanga wa siku hizi hawapandi ungo!

Kila nikitua Dar na kusema natokea Sumbawanga, watu wanakaa mbali nami. Eti kwetu wachawi! Hawajui kwamba jina lenyewe kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Basi wiki hii nawaletea wanga wa kweli, wanaofanya mambo yao mtoni mchana kweupe.

Nenda kijito chochote hapa mjini Jumamosi. Mabrazameni wamepaki bodaboda katikati ya maji, povu linatiririka, oili chafu inang'aa rangi za upinde wa mvua. Hatua chache chini yao akina mama wanafua. Chini zaidi kuna bustani ya nyanya iliyopigwa dawa jana. Halafu chini kabisa mtoto anachota ya kunywa. Ukimuuliza: "Mbona masafi kaka, mpaka mawe yanaonekana!"

Hapo ndipo tunapoingizwa mjini. Vijidudu vya kinyesi havionekani kwa macho. Wataalamu wa maabara huchukua mililita 100 tu za maji na kumsaka humo bakteria aitwaye E. koli. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani halitaki aonekane hata mmoja.

Huna maabara? Geuza jiwe la mtoni. Ukikuta vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, hao ni masista duu: wanataka oksijeni ya kutosha, wakiguswa na uchafu hawakai. Ukikuta vijifunza vyekundu peke yao kwenye tope, hao masela. Wekundu wao unawasaidia kushika oksijeni kidogo iliyopo, kwa hiyo wanavumilia pale wenzao waliposhindwa. (Ila hata ukiwaona masista duu, maji chemsha. Wao hawapimi kipindupindu.)

Sasa povu letu linakwenda wapi? Mto Lwiche unatoka huku juu Ufipa na kuporomoka hadi Ziwa Rukwa, na ziwa lile halina mlango wa kutokea. Maji yanaondoka kwa jua tu, uchafu unabaki. Na kule bondeni kuna watu. Mwaka 2018 kipindupindu kiliwatesa, nasi huku kwenye baridi tukasema "masikini wenzetu", sabuni mkononi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Juzi nikampasha mshikaji mmoja wa boda. Akang'aka: "Sasa mwanangu, pikipiki nikaioshee chumbani?" Nikamwambia achote ndoo mbili tu, apande nazo mpaka mita 60 zipite, aoshee huko kwenye nyasi.

Akacheka weee! Halafu akaniuliza, ndoo ya pili nitambebea mimi?