Foleni ya Walimu
Mwaka 2004, Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari na shule za kata zikaanza kuchipuka kila kona, nani hakujua kwamba walimu watahitajika? Utabiri ulikuwa sahihi. Wanafunzi wa ualimu wakapewa kipaumbele cha mkopo, vyuo vikapanua udahili, na waliosoma tahasusi za sanaa kama HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wakamiminika huko. Miaka kumi na kitu baadaye, wahitimu wa masomo ya sanaa walikuwa wamejaa mitaani wakisubiri tangazo la ajira kutoka TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku shule zikilia kukosa mwalimu wa fizikia. Makadirio ya ajira huhesabu nafasi, hayawahesabu wanaozikimbilia. Tena husema “walimu” kwa jumla, kana kwamba wa historia anaweza kuingia maabara. Kwa hiyo mzazi anayemsaidia mwanawe kuchagua tahasusi aulize kwanza wangapi tayari wako chuoni wakisomea kazi ambayo mwanawe anailenga, kisha wangapi walio kazini wanakaribia kustaafu. Swali hilo la pili si dogo: makadirio ya serikali ya Marekani hutenganisha nafasi mpya na zile zinazoachwa na wanaoondoka, na hizo za pili ndizo nyingi zaidi.