Ukurasa wa 41

KAHAWA CHUNGU, na Mzee wa Baraza, Maskati

Shemeji yangu wa Seeb mnamjua. Ndiye yule aliyenunua jokofu la samaki kabla hajanunua boti. Wiki hii kaniita dukani kwake Matrah, auzapo ubani na halua, nikaone "mkakati". Kumbe mkakati wenyewe ni kitabu cha kurasa 60, jalada linang'aa, na ankara ya riyali 1,200 imebanwa nyuma.

Nikamiminiwa kahawa, nikasoma. Ukurasa wa 12: wateja 400 wamehojiwa. Nani kawahoji? Shemeji akatazama dari. Ukurasa wa 23: wakati wa kuchuma ni Ijumaa, saa sita hadi saa nane mchana. Maskati hii! Saa hizo watu wako msikitini, soko limeshusha milango, hata paka wa Matrah wamelala. Nikaiweka kahawa chini, na mnajua mimi kahawa siiweki chini ovyo.

Mshauri aliyekiandika akaitwa, akaja. Kijana ana adabu, kanzu imepigwa pasi ikasimama. Nikamwomba anifafanulie ukurasa wa 23. Akausoma kama nilivyousoma mimi: kwa mara ya kwanza.

"Mzee, tulisaidiwa kidogo na akili unde."

Kidogo! Alichokifanya mwenyewe ni jalada na ankara.

Sina ugomvi na mashine. Mashine haikula halua ya bure, wala haikutoza riyali. Ugomvi wangu ni na huyu anayeuza fikra asizozifikiri. Mpiga ramli wa zamani kule Unguja, na uongo wake wote, bao alipiga mwenyewe, mbele ya macho yako. Na ukirudi kulalamika, ulimkuta kwenye mkeka ule ule.

Msidhani ni ushamba wetu wa Matrah. Mwaka 2025 Deloitte ya Australia ilikubali kuirudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu dola za huko karibu 440,000. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Chris Rudge, alikuta humo marejeo ya maandiko yasiyokuwepo. Na maneno ya hukumu ya mahakama nayo yalikuwa ya kutunga. Serikali hiyo angalau ilirudishiwa kitu. Shemeji karudishiwa "samahani, Mzee".

Nikamuuliza kijana la mwisho. Hesabu za duka, na daftari la wateja wa mkopo lenye majina na nambari za simu, ulivitia mashineni? Vyote, akasema, ili ripoti iwe nzito. Nchi hii ina Amri ya Sultani Na. 6 ya 2022, inayotaka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijashikwashikwa. Mama wa watu kakopa halua ya harusi, hakukopa umaarufu.

Kijana alipoondoka, nikamkuta shemeji anacheka peke yake. Akanifungulia ukurasa wa 41: jedwali la mauzo ya udi na vyetezo. Yeye hauzi vyetezo.

"La jirani," akaninong'oneza, mdomo umejaa halua. "Mshauri wetu mmoja. Sasa najua anauza kiasi gani! Riyali zangu 1,200 zimerudi."

"Shemeji," nikamwambia, "na kwenye ripoti ya jirani, ukurasa wa 41 una nini?"

Akaacha kutafuna.